Beetle Haishiki Sailensa: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kushika Bisibisi

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya cc 1584, kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Solex 34 PICT-3. Lilinifikia na tabia moja: ukisimama kwenye mataa, linazima, yaani halishiki sailensa, ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta. Aliyekuwa nalo kabla yangu alishazoea kukanyaga breki kwa vidole na mafuta kwa kisigino, mguu huohuo mmoja, na alinifundisha mtindo huo kana kwamba ni sehemu ya mauziano.

Nikalipeleka kwa fundi. Hakugusa hata kichujio cha hewa. Alitoa bisibisi mfukoni, akakaza skrubu iliyo kwenye mkono wa aksileta raundi mbili, injini ikanguruma kama jenereta ya harusini. "Tayari bosi, sailensa imepanda." Ilipanda kweli. Tangu siku hiyo nikiweka gia ya kwanza gari linaruka, nikizima swichi injini inaendelea kukohoa yenyewe, na petroli ikawa inaondoka kama inamwagwa.

Miezi miwili baadaye nilimpata mzee mmoja aliyestaafu ufundi. Alilisikiliza gari kidogo tu.

"Zima. Sasa washa swichi, usipige starta. Chomoa waya huo hapo, uuguse tena palepale. Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Basi ndiyo ugonjwa wako huo."

Waya huo, unaopeleka umeme kwenye kabureta, ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa. Nusu mita ya waya. Yaliyobaki yote yalikuwa ni kurudisha kile ambacho bisibisi ilikuwa imeharibu.

Skrubu tatu, na ile inayoguswa na kila mtu

34 PICT-3 ilianza kufungwa kwenye Beetle za 1600 za modeli ya 1971, na imetofautiana na Solex za zamani kwa jambo moja linalowachanganya mafundi wengi. Kwenye kabureta za zamani, kasi ya sailensa unaipata kwa kufungua kidogo kile kisahani cha hewa kilicho chini ya koo la kabureta. Kwenye hii, kisahani kinatakiwa kikae karibu kimefungwa kabisa, na hewa ya sailensa ipite njia yake ya pembeni.

Upande wa kushoto kuna skrubu mbili. Kubwa ndiyo ya kasi: inaongeza au kupunguza kinachopita ile njia ya pembeni. Ndogo ni ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Ya tatu iko kwenye mkono wa aksileta, ncha yake inagusa kipande chenye ngazi kinachozungushwa na choki (kinachosaidia injini baridi kuwaka). Hiyo ya tatu ndiyo inayoonekana kirahisi, ndiyo bisibisi inayofika kirahisi, na ndiyo si ya kurekebishia sailensa.

Ukiikaza, kisahani kinafunguka, na mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Vitundu vya petroli ambavyo vilitakiwa vifanye kazi pale unapoanza kukanyaga mafuta vinaanza kutoa petroli gari likiwa limesimama. Halafu kile kitundu cha vakyumu (mvuto wa hewa) kinachokwenda kwenye distributa, kigawa cheche za plagi, kinafichuka, distributa inasogeza moto (hizo cheche) mbele wakati hakuna aliyekanyaga kitu, na kasi inapanda zaidi. Hapo ukizungusha skrubu kubwa, haitii. Fundi anasema kabureta imekufa, unauziwa nyingine.

Kwanza hakikisha si moto wala valvu

Najua unataka kuingia kwenye kabureta. Subiri. Nusu ya magari niliyoyaona yakishushwa kabureta yalikuwa na pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) zilizoungua.

Fanya mambo haya injini ikiwa baridi kabisa, yaani gari limelala usiku kucha: gepu la valvu ni milimita 0.15 kwa zote nane. Valvu isiyo na gepu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, na silinda hiyo haitachangia kitu kwenye sailensa hata ubadilishe kabureta tatu. Kisha pointi, gepu la milimita 0.4. Halafu taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, kwa sababu ukigusa pointi umeshagusa taimingi. Alama ya taimingi inategemea distributa uliyonayo: yenye bomba moja la vakyumu kwa kawaida ni digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika kilele, yenye mabomba mawili ni digrii 5 baada ya kilele. Ukiseti ya mabomba mawili kwa alama ya bomba moja, au kinyume chake, utahangaika na kabureta mpaka uliuze gari.

Kuna kanuni moja inayoniokoa muda mwingi. Sailensa inayoshuka polepole kwa wiki kadhaa ni pointi, maana kile kipande kinachosugua kwenye shafti ya distributa kinalika na gepu linafunga kidogo kidogo. Sailensa iliyokuwa nzuri asubuhi na mbovu mchana ni waya, uchafu, au kitu kilichopasuka. Kabureta haizeeki kwa siku moja.

Baada ya hapo chomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inanguruma, kwa koleo yenye mpini mzito wa mpira (bila hiyo utarushwa). Kila ukichomoa, mngurumo unatakiwa ushuke. Silinda ambayo ukichomoa waya wake hakuna kinachobadilika, hiyo haifanyi kazi. Silinda ya 1 iko mbele kulia, 2 nyuma kulia, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kushoto. Na "mbele" hapa ni mbele ya gari, si mbele ya macho yako ukiwa umeinama nyuma kwenye boneti ya injini. Kama mbovu ni moja, tazama plagi, waya na valvu yake. Kama ni mbili za upande mmoja, 1 na 2 au 3 na 4, acha moto kabisa. Kinachoziunganisha mbili hizo ni bomba la manifoldi (linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda) la upande ule, na hapo hewa inaingia isipotakiwa.

"Linawaka vizuri lakini nikiachia mafuta linazima"

Huu ndio ulikuwa wangu. Kuna kidude kidogo, kama plagi fupi, kimefungwa kwenye mwili wa kabureta na kina waya mmoja unaotoka upande wa chanya wa koili (inayotengeneza umeme wa cheche). Ni solenoidi. Ukiwasha swichi, kinavuta kipini ndani na njia ya sailensa inafunguka. Ukizima, kinaifunga ili injini isiendelee kuzunguka. Usikichanganye na lile duara kubwa lenye skrubu tatu, hilo ni la choki, nalo lina waya wake.

Jaribio ni lile la mzee: swichi imewashwa, injini imezimwa, chomoa waya, gusa tena. Unatakiwa kusikia *tik*. Kama kuna kelele za barabara, weka kidole juu yake, utaihisi. Usiposikia, pima umeme unaofika kwenye waya kabla ya kununua solenoidi mpya. Umeme upo na hakuna *tik*, solenoidi imekwisha. Nimeona watu wakikata kile kipini ili njia ikae wazi daima. Gari linashika sailensa, ni kweli, na ukizima swichi linakohoa mpaka majirani wachungulie dirishani.

*Tik* ipo na bado linazima? Basi jeti ya sailensa, kile kipande chenye kitundu kinachopima petroli, imeziba. Kitundu chake ni cha 55, yaani milimita 0.55, na punje moja ya kutu kutoka tangi la miaka hamsini inatosha kabisa. Inafunguliwa kwa nje, bila kushusha kabureta. Ipulize kwa kompresa, na kama huna, pampu ya baiskeli inatosha. Itazame kwenye jua: unatakiwa uone tundu duara, safi. Usipitishe waya wala sindano. Shaba ni laini, utalipanua tundu, na kuanzia hapo jeti ya 55 si 55 tena na hakuna atakayejua kwa nini gari linanuka petroli.

Ikiziba tena baada ya wiki, usiendelee kuifungua kila Jumamosi. Uchafu unatoka kwenye tangi au kwenye petroli ya dumu. Weka filta, lakini chini ya gari karibu na giaboksi. Ile ya plastiki inayoning'inia juu ya injini, karibu na distributa, naiona kila siku na kila siku inaniogopesha.

"Sailensa inapanda na kushuka yenyewe"

Vuum, vuum, vuum, kama inapumua. Hewa inaingia mahali ambapo kabureta haina habari nayo.

Kwenye injini za 1600 zenye matundu mawili kila upande, manifoldi ni ya vipande vitatu, na vinaungwa kwa mipira miwili mifupi, mmoja kila upande. Mipira hiyo inakaa juu ya injini inayopozwa kwa hewa, inaokwa kila siku, inakuwa migumu na kupasuka upande wa chini usioonekana. Chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya nguo za kupiga pasi. Injini ikinguruma, nyunyiza kwenye mpira mmoja, subiri, kisha mwingine. Halafu kitako cha kabureta, halafu maungio ya manifoldi na hedi. Mngurumo ukibadilika, umepafikia. Spirei ya kusafishia kabureta inaonyesha haraka zaidi kuliko maji, ila inawaka moto, na unanyunyiza juu ya injini yenye joto na cheche. Mimi hutumia maji.

Sehemu ya pili ni ile shafti inayopita kwenye kabureta na kubeba kisahani cha hewa. Ishike kwa vidole, itikise juu na chini. Ikicheza, tundu limeshalika, na hewa inapita pembeni yake kwa kiasi kinachobadilika kila unapokanyaga. Dalili yake ni ya kuudhi: leo sailensa iko mizunguko 850 kwa dakika, kesho 1,100, keshokutwa linazima. Hakuna skrubu inayotibu hilo. Dawa yake ni fundi mwenye mashine ya kuchonga, apanue tundu na kutia bushi za shaba. Vile vifurushi vya gasketi vinavyouzwa kama "ripea" havina bushi ndani yake, kwa hiyo mtu anafungua kabureta, anabadilisha gasketi zote, anaifunga, na ugonjwa uko palepale.

"Asubuhi halikai, likipata moto liko sawa," au kinyume chake

Choki ya kabureta hii inajiendesha yenyewe. Ndani ya lile duara kuna utepe wa metali mbili uliojikunja kama koili ya saa. Ukiwa baridi unafunga kilango cha juu. Umeme ukiupasha, unajikunjua na kilango kinasimama wima.

Kabla ya kuwasha asubuhi, kanyaga mafuta mpaka chini mara moja, achia, ndipo upige starta. Bila hivyo choki haijitegi, kwa sababu ile skrubu ya ngazi inaizuia. Watu wengi waliozoea magari ya sindano, yasiyo na kabureta, hawalijui hili, na Arusha mwezi wa Julai saa kumi na mbili asubuhi linawatoa jasho.

Toa kichujio cha hewa utazame. Injini baridi, baada ya kukanyaga mafuta: kilango kimefungwa. Dakika chache baada ya kuwaka: kiko wima. Kikibaki kimefungwa, moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi ya chungu, na gari likipata moto ndipo linakuwa bovu. Tazama kama waya wa choki una umeme kwanza. Kama umo, legeza zile skrubu tatu na uzungushe duara kidogo, alama yake ikae kwenye alama ya katikati. Na kama gari limeshapata moto lakini sailensa iko juu sana, huenda kile kipande cha ngazi kimekwama kwa uchafu na skrubu bado imekaa kwenye ngazi ya juu.

"Nikikanyaga linasita kwanza"

Zima injini, toa kichujio, chungulia kwenye koo la kabureta, vuta mkono wa aksileta. Unatakiwa uone mshipa wa petroli ukiruka papo hapo, mwembamba na ulionyooka. Ukiona matone, au hakuna kitu, diaframu ya pampu ndogo ya pembeni imepasuka. Ni kipande cha mpira, skrubu nne, kazi ya nusu saa.

Petroli inaruka vizuri na bado linasita? Tazama distributa. Wengi wametoa ya asili wakaweka Bosch 009, isiyo na vakyumu, kwa sababu ilisifiwa. Ni distributa nzuri, lakini pamoja na 34 PICT-3 inaleta kusita huku huku unakokutafuta, kwa kuwa kabureta hii ilitengenezwa ikitegemea vakyumu isogeze moto mbele. Unaweza kuupunguza ugonjwa huo kwa jeti kubwa zaidi, lakini mimi ningerudisha ya vakyumu.

Na kuna jambo ambalo watu hawalitegemei kwenye nchi ya jua. Siku ya mvua na ukungu, ukipanda kuelekea Karatu, petroli inayogeuka mvuke inapoza chuma cha manifoldi kiasi cha kugandisha unyevu wa hewa. Nimewahi kusimama, nikafungua nyuma, nikakuta jasho jeupe la barafu chini ya kabureta. Kuna bomba jembamba linalopita chini ya manifoldi likibeba moshi wa ekzosi ili kuipasha. Gari likishapata moto, liguse kwa uangalifu pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, limeziba masizi ndani. Kulizibua ni kazi ya kelele na lugha mbaya: kebo ya chuma kwenye drili, tena na tena.

"Linanuka petroli"

Hapa usitafute sailensa. Zima gari.

Petroli ikifurika kutoka kwenye kabureta, mara nyingi sindano inayofungwa na boya imelika au imenasa uchafu, au boya lenyewe limetoboka na kuzama. Inawezekana pia pampu ya petroli inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, hasa ikiwa ni pampu mpya iliyofungwa bila kuangalia urefu wa fimbo yake. Vuta kijiti cha kupimia oili, kinuse. Kikinuka petroli, oili imeshachanganyika na haifai kuendeshea hata kilomita moja, badilisha.

Halafu shika kile kibomba kifupi cha shaba ambacho mpira wa petroli unaingia kwenye kabureta. Kimesokomezwa tu kwenye chuma, hakina nati. Kwa miaka mingi ya joto kinalegea, na siku kikichomoka gari likiwa barabarani, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya distributa. Beetle nyingi zilizoungua zimeungulia hapo au kwenye mpira mkuukuu wa petroli, na kasha la injini hizi ni la magnesi, likishika moto halizimiki kwa ndoo ya maji. Kikicheza ukikishika, kitolewe kifungwe upya vizuri, au kichongwe kingine chenye kola. Mipira yote ya petroli badilisha bila kuuliza imekaa muda gani.

Kuseti, sasa kwa kuwa hakuna kinachovuja

Injini iwe moto, choki imefunguka. Legeza skrubu ya mkono wa aksileta mpaka iachane na kipande cha ngazi. Irudishe taratibu mpaka iguse tu, kisha ongeza robo raundi. Basi, iache hapo maisha yake yote.

Skrubu ndogo ya mchanganyiko ifunge kwa vidole mpaka ikae, bila kuikaza, maana ncha yake ni nyembamba na ukiiumiza hutaiseti tena. Ifungue raundi mbili na nusu. Washa. Kwa skrubu kubwa tafuta mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwenye ndogo, ifungue polepole mpaka upate mngurumo wa kasi kuliko wote, kisha ifunge kidogo kidogo mpaka ushuke mizunguko 20 hadi 30. Maliza kwa skrubu kubwa, urudishe 850.

Ikiwa skrubu kubwa haibadilishi chochote, kisahani bado kiko wazi au kuna hewa inayovuja hukuiona. Ikiwa skrubu ndogo unaifunga kabisa na injini haizimi, petroli inatoka njia nyingine, na mara nyingi ni kisahani hichohicho.

Hii ni kwa pale ulipo. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10, lakini jeti hazijui hilo, zinatoa petroli karibu ileile. Kabureta iliyosetiwa pwani ikifika huku, petroli inazidi hewa, sailensa inakuwa nzito na plagi zinaanza kuwa nyeusi. Mimi nikishuka Tanga nasimama Segera kunywa chai, nafungua skrubu ndogo robo raundi. Nikirudi, naifunga robo hiyohiyo pale Usa River, injini ikiwa bado moto.